Lamadi Yatafuta Ngitili Yake

Basi la Musoma likitoka Mwanza, likaipita Magu na Nyashimo, hufika Lamadi mahali barabara inapogawanyika. Wa Bunda, Musoma na mpaka wa Sirari huendelea mbele. Wa Bariadi hukata kulia. Hapo njia panda ndipo ulipo moyo wa mji: bodaboda zimejipanga kivulini, akina mama wanauza samaki wa kukaanga, malori yamesimama kando, na nyumba za kulala wageni zinaongezeka mwaka hadi mwaka. Upande wa magharibi, nyuma ya maduka, kuna maji ya Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Victoria ulionyooka kuelekea mashariki. Upande wa pili ni mashamba ya pamba na mpunga, kisha nyika. Mwendo mfupi kwenda kaskazini, ukishaingia Mkoa wa Mara, liko geti la Ndabaka. Hapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hufika barabarani kabisa, kiasi kwamba abiria huweza kuona nyumbu na pundamilia bila kushuka kwenye basi.

Miji mingi ya Tanzania hutanuka kila upande. Lamadi haina kila upande. Ziwa limeziba huku, wanyama wako kule, na ardhi iliyobaki ndiyo inayogombewa na mkulima, mfugaji na mwenye kutaka kiwanja. Kwa hiyo swali ambalo Dar es Salaam na Nairobi zilianza kulijibu zikiwa zimechelewa, la namna ya kujenga mji mkubwa bila kuua misitu, mabonde na viwanja vya wazi, limeifikia Lamadi ingali ndogo. Hiyo ni bahati, na bahati ya namna hiyo haikai muda mrefu.

Kwamba mji utakua hakuna ubishi. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na Wilaya ya Busega, ilimo Lamadi, ikamegwa kutoka Magu. Sensa ya mwaka huohuo iliwakuta watu 1,584,157 mkoani. Ile ya 2022 ikawakuta 2,140,497, ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi. Barabara ya kwenda Bariadi, makao makuu ya mkoa, imetiwa lami. Lamadi ilipata mradi wa maji ya ziwa pamoja na Magu na Misungwi, kwa fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi nao uliidhinisha mwaka 2017 mpango mkubwa zaidi wa kuyapeleka maji ya ziwa katika wilaya kavu za Simiyu, chanzo chake kikiwa Busega. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya vivuko upande wa pili wa Mwanza, na barabara ya kutoka Sirari kwenda Geita na Kagera, inayopita hapohapo Lamadi, imekuwa nyepesi zaidi kwa mwenye lori. Lami, umeme na maji ya bomba vikikutana mahali pamoja, nyumba hufuata. Anayejenga hana kosa. Anataka mlango wa duka unaotazama barabara, na anataka watoto wasome karibu.

Ila kuna historia ambayo mchora ramani wa Lamadi anapaswa kuisoma kabla hajaweka penseli kwenye karatasi. Nchi ya Wasukuma ilikwisha kupoteza miti yake mara moja, na hasara hiyo ilikuja kwa jina la maendeleo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwaongoza watu kufyeka vichaka na miyombo ili kumfukuza mbung'o, mdudu aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Shinyanga ikawa kituo cha utafiti wa mbung'o, na jembe likafuata shoka. Pamba ikaongeza njaa ya mashamba mapya. Miti mingine ilikatwa kuwanyima kwelea kwelea mahali pa kulala. Halafu katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji: kaya zilihamishwa zikaiacha ardhi ziliyokuwa zikiitunza, na palipokosa mwenyewe pakawa pa kila mtu. Ilipofika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga, ambayo wakati huo ilizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ilikuwa uwanda wa vumbi. Watu walikuwa wakitaja jangwa bila kutia chumvi.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kama HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya kigeni na vitalu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Kilichobadili mambo kilikuwa hatua ya kuwauliza wazee walifanya nini kabla ya kuhamishwa. Jibu lilikuwa neno moja: ngitili.

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikielekea kuisha, mwenye ng'ombe hufunga kipande cha ardhi yake, pengine ekari mbili tatu, pengine zaidi. Hakuna ukuta. Huenda pana mstari wa minyaa au alama tu zinazojulikana na majirani wote, lakini ng'ombe haingii. Nyasi zinasimama na kukauka zikiwa wima, migunga inachipua kutoka kwenye visiki ambavyo hakuna aliyevipanda. Kiangazi kikikaza, majani ya nje yakiisha na ndama wakaanza kudhoofu, mwenyewe hufungua upande mmoja, wanyama wakala, kisha upande wa pili. Humo ndimo mama wa nyumbani anapookota kuni zilizokauka, mganga anapochimba dawa, watoto wanapochuma matunda na mboga za porini. Anayekata mti bila ruhusa hujibu mbele ya dagashida, mkutano wa jadi, na faini yake haihitaji hakimu. Sungusungu, walinzi wa jadi, hulinda.

Matokeo yake yanajulikana duniani kote miongoni mwa watu wa misitu. Ngitili zilizokuwa hai mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta zipatazo 600 tu. HASHI ilipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba ngitili ziliipatia kila nafsi manufaa ya dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Isisahaulike kwamba manufaa hayo hayakugawanyika sawa: mwenye ng'ombe mia na ardhi tele alifunga kubwa, maskini akabaki kuomba kuni kwa jirani. Hata hivyo nchi ilifunikwa tena, na iliyofanya kazi hiyo ilikuwa kanuni ya wenyeji zaidi ya mche wa kununua.

Swali la Lamadi linaanzia hapo. Ngitili ni mali ya kijiji na ya ukoo. Kijiji kikigeuka mji, inakwenda wapi?

Kisheria, hapo pana pengo ambalo wachache hulitazama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na sheria ndogo za kijiji zinaweza kulinda msitu, kisima au malisho. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, usimamizi huhamia halmashauri ya wilaya na ofisi za ardhi. Serikali ya kijiji hupisha. Sheria ndogo zilizokuwa zikimzuia mtu kukata mgunga hukosa mwenyewe, na dagashida haina kiti katika kikao cha kupitisha ramani. Kwa hiyo kipindi cha hatari zaidi kwa miti ya mji mdogo ni ile miaka michache kati ya kijiji kufa na mji kukomaa. Wakati huo mwenye ardhi anajua kwamba bei inapanda kila msimu, anajua mpimaji yu njiani, na anajua kwamba kipande chenye nyumba kitatambuliwa haraka kuliko kipande chenye vichaka. Anafyeka kuonyesha kwamba anakitumia. Tabia hiyo imeonekana pembezoni mwa miji mingi ya Tanzania, na huanza hata kabla mwekezaji hajafika na tingatinga.

Ramani peke yake hailindi kitu. Dar es Salaam imekuwa na mipango kabambe ya jiji mwaka 1949, 1968 na 1979. Bonde la Msimbazi lilijulikana kuwa eneo la mafuriko, na huo mpango wa 1979 uliliweka miongoni mwa maeneo ya hatari yasiyofaa kujengwa. Watu walijenga, kwa kuwa hapakuwa na mtu ambaye riziki yake ilitegemea bonde kubaki wazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kulirudishia bonde nafasi yake: kulipa fidia, kubomoa, kupanua mto, kujenga upya daraja la Jangwani na kutengeneza bustani kubwa ya jiji. Kitu ambacho mwaka 1979 kingegharimu nguzo za mipaka na walinzi kimekuja kugharimu mabilioni ya shilingi na maisha ya watu.

Mnazi Mmoja inafundisha jambo jingine, la kuumiza zaidi. Kiwanja kile kinachopendwa na wakazi wa Dar es Salaam kilipona kwa sababu Waingereza walikitenga kuwa ukanda mtupu kati ya Uhindini na Kariakoo, wasitake watu wa rangi tofauti wakae pamoja. Nia ilikuwa ya kibaguzi, lakini nafasi ikabaki, na baada ya Uhuru ikawa ya wananchi wote. Kiwanja cha wazi hubaki wazi pale tu mwenye mamlaka anapokuwa na sababu nzito ya kukiacha hivyo. Mji wa leo unahitaji sababu njema yenye uzito uleule.

Nairobi iliipata sababu hiyo kwa watu wake. Mwaka 1989 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa Uhuru Park, na mradi ukafa. Miaka kumi baadaye vita vilihamia Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kimyakimya kwa wajenzi. Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti wakashambuliwa. Yeye alijeruhiwa kichwani. Wanafunzi waliingia barabarani. Simulizi nyingi huishia hapo, kwenye ushujaa, zikaruka sehemu iliyouhifadhi msitu hadi leo. Uliwekewa uzio, chama cha wakazi kikaingia ubia na Huduma ya Misitu ya Kenya, na vijana wa vitongoji vya jirani wakapata kazi za ulinzi na bustani. Wageni hulipa kiingilio, ambacho kwa miaka mingi kilirudi kwenye njia za miguu na madaraja. Msitu uliokuwa maficho ya wahalifu sasa hujaa familia mwishoni mwa juma.

Ukiziweka Karura na ngitili pamoja, zinafanana kuliko mtu anavyotarajia. Zote zina mlinzi anayejulikana kwa sura. Zina kanuni ambayo mvunjaji wake hupata adhabu karibu na nyumbani. Na zote hulipa, moja kwa kiingilio, nyingine kwa nyasi za kiangazi. Lamadi haihitaji kuazima wazo kutoka mbali. Linalohitajika ni kulileta mjini wazo ambalo bibi na babu wa wakazi wake walilitumia.

Mahali pa kuanzia ni ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na agizo hilo limevunjwa kuizunguka Victoria yote, kwa nyumba, hoteli na mashamba ya bustani. Ziwa lenyewe lilikumbusha mipaka yake mwaka 2020, na tena 2024, lilipofurika na kuingia katika makazi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mafunjo na matete yanayoota ukingoni hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huchuja tope na mbolea inayoteremka kutoka mashambani, na huwapa samaki mahali pa kuzalia. Mji unaoishi kwa sato na dagaa, kisha ukang'oa matete ili kupata viwanja vya kutazama maji, unajikata mguu. Mita hizo 60 zinaweza kuwa na njia ya miguu, mialo iliyopangwa, sehemu za kuanikia dagaa na miti ya kivuli. Ukanda wenye wavuvi na wachuuzi kila siku una walinzi tayari, na hautavamiwa kirahisi kama ukanda mtupu wenye kibao cha onyo.

Upande wa nyika ni mgumu zaidi, kwa sababu jirani wa huko ana mkonga. Mbali na Serengeti yenyewe, Busega ina Pori la Akiba Kijereshi, linaloungana na ikolojia hiyo kubwa. Tembo hutoka usiku wakati mahindi yamekomaa, na familia iliyolima msimu mzima huamka ikakuta shamba limelazwa. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na majina yenyewe yanakiri kwamba hiyo si fidia kamili. Jirani tu, katika Kata ya Nyatwali wilayani Bunda, serikali imechukua njia ya kuwahamisha wananchi kwa malipo ili wanyama wapate kufika ziwani bila kukutana na nyumba. Mabishano juu ya kiwango cha malipo yalidumu muda mrefu, na yeyote aliyewahi kuhama kaburi la mzazi wake anajua kwa nini. Kila mtaa mpya wa Lamadi unaoelekezwa kwenye mapito ya wanyama ni Nyatwali ya kesho inayojengwa leo, kwa tofali la mtu mwenyewe. Kuuelekeza ukuaji wa mji kusini na kandokando ya barabara ya Bariadi, kwa viwanja vidogo vilivyosongamana na nyumba za ghorofa karibu na njia panda, kungepunguza uhasama huo. Hilo lina gharama kwa anayependa ua mpana wa kufugia kuku na mbuzi. Hata hivyo uzito wa hoja uko upande huo.

Kuna msitu mwingine ambao mji huula bila kuuona. Mkaa unaochemsha maharage mjini ni miti iliyosimama mbali, na takwimu za Serikali hutaja upotevu wa hekta zipatazo 469,000 za misitu nchini kila mwaka. Kaya iliyohama kutoka kijijini, ambako ilipikia kuni zilizookotwa, ikifika mjini hununua mkaa, na mkaa hutaka mti mzima. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mji mpya kama Lamadi, wenye mama lishe wengi na nyumba za wageni zinazopika mfululizo, ungekuwa mahali pazuri pa kuonyesha kwamba lengo hilo linawezekana. Bei ya kujaza mtungi wa gesi ndiyo itakayoamua. Semina hazitaamua.

Kuhusu kupanda miti, halmashauri zote nchini zimepewa lengo la miche milioni 1.5 kwa mwaka, na ripoti hujaa miche iliyopandwa. Katika nchi yenye udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika, na yenye mbuzi wengi wasiofungwa, hesabu ya siku ya kupanda haina maana. Hesabu ifanywe mwaka wa tatu. Mche uliopewa mtu mwenye jina, mwenye duka mbele yake au darasa la shule lenye zamu ya kumwagilia, hufika huko mara nyingi kuliko mche wa sherehe. Aina nayo ina uzito: mkaratusi karibu na kisima hunywa zaidi ya kinachostahili, wakati mkwaju, mwarobaini na migunga ya asili huvumilia ukame na kutoa kivuli ambacho dereva wa bodaboda hukitafuta saa sita mchana.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote litatoka kwa wenye ardhi wenyewe, na ni haki lisikilizwe. Mkulima aliyeungoja mji miaka ishirini, akiona ekari zake tatu zimegeuka kutoka shamba la pamba kuwa viwanja kumi na kadhaa, ataambiwaje aache ekari moja kwa ajili ya hewa ya watu wote? Akinyang'anywa, atafyeka kabla mpimaji hajafika. Njia ya heshima ni kumlipa, kwa fedha au kwa kiwanja chenye thamani zaidi barabarani, na kumwachia haki ya kukata nyasi na kuvuna matunda katika eneo lililotengwa, chini ya kamati ya mtaa yenye sheria ndogo iliyosajiliwa. Hapo mwenye ardhi hageuki adui wa kiwanja cha wazi. Anakuwa mwenye ngitili, kama zamani, tofauti ikiwa kwamba majirani zake ni wapangaji na wafanyabiashara badala ya wafugaji. Halmashauri inaweza kuanza kwa vipande vitano au sita vya ukubwa tofauti, vikaunganishwa na mifereji ya asili ya maji ya mvua, ambayo kwa vyovyote haifai kujengwa.

Kandokando ya barabara ya Bariadi, mashamba ya pamba bado yanaanzia pale nyumba zinapoishia. Wapimaji watafika huko na bikoni zao. Wazee wanaokumbuka ngitili ya nani ilikuwa wapi, na mpaka wake ulipita kwenye mti gani, bado wanaketi nje ya nyumba zao jioni, na kikao kimoja nao kabla ya ramani kuchorwa hakihitaji bajeti ya wizara.